Namna ninavyouza manjano na tangawizi kwa simu kutoka Ukerewe

Ujumbe wa kwanza niliowahi kupata kwa mteja nisiyemjua ulisema hivi: "Mama, hiyo picha ni ya shamba lako au umeichota Google?" Ilikuwa saa tatu usiku, niko nyumbani Nansio, kisiwani Ukerewe, nimekaa kwenye kigoda namenya mihogo, na kweli picha nilikuwa nimeichota Google. Nilidhani biashara ya mtandaoni ndivyo inavyokwenda: unatafuta picha ya kupendeza, unaandika "bei poa, karibu DM", unasubiri hela. Nilizima data nikalala.

Asubuhi nikachukua ghalani kidole cha manjano, yaani kile kitawi kirefu cha tunguu lake, nikakivunja mbele ya kamera, nikamtumia video ya sekunde 12 huku mbuzi wa jirani analia kwa nyuma. Akaagiza kilo mbili. Mpaka leo ni mteja wangu, na bado ananiulizia yule mbuzi.

Haya nayaandika kwa mkulima mwenzangu wa visiwani na wa mwambao wa ziwa: mwenye nusu eka ya viungo, simu janja moja ya kioo kilichopasuka, na aliyechoka kumuuzia dalali kwa lumbesa. Mwenye eka mia na mhasibu wake aendelee na safari.

Chanja kwanza, simu baadaye

Kabla ya kurudi nyumbani kulima niliuza dagaa miaka tisa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza. Kila muuza dagaa anajua kuna dagaa wa mchangani na dagaa wa chanjani, yaani walioanikwa juu ya kichanja cha miti. Ziwa ni lile lile, samaki ni yule yule, lakini aliyeanikwa mchangani anaishia kuwa chakula cha kuku, na wa chanjani anapanda basi kwenda Dar kuliwa na watu. Bei zao hazisalimiani. Mnunuzi wa Mwaloni huchota dagaa kiganjani, akatafuna mmoja, mchanga ukilia menoni anaondoka bila kuaga. Mnunuzi wa kwenye simu hana namna ya kutafuna. Mzigo wake ukifika na mchanga hakugombezi, anakuandika tu kwenye magrupu yote ya mapishi aliyomo.

Kwa hiyo jenga chanja. Miti minne, fito, na wavu safi juu yake, urefu wa kiuno ili kuku wasifike. Hakuna fundi anayehitajika.

Manjano huvunwa majani yakishanyauka, yaani miezi minane hadi kumi tangu kupanda. Osha udongo wote, halafu tenga vidole na "mama", lile tunguu nene la katikati, maana haviivi pamoja. Chemsha vidole kwenye maji yanayovifunika kwa dakika 45 mpaka saa nzima. Kipimo changu ni njiti ya fagio: ikipenya bila kubishana, epua. Ukiepua mapema rangi ya ndani inakuwa mabaka mabaka na kukauka kunachukua siku nyingi zaidi. Ukipitiliza, rangi inapotelea kwenye maji. Kisha panga chanjani juani, siku kumi hadi kumi na tano, na kila jioni funika au ingiza ndani. Umande wa ziwa hauna urafiki na mtu. Yakishakauka kisawasawa, ukivunja kidole kinalia ko! kama kijiti, na ndani ni rangi ya chungwa. Kikipinda kabla ya kuvunjika, rudisha chanjani hata kama mteja anapiga simu kila saa.

Tangawizi haichemshwi. Ioshe, ikwangue ngozi, ikate vipande vyembamba, anika siku saba hadi kumi. Pilipili kichaa chagua moja moja kwanza, iliyooza itupe mbali.

Usichokausha vizuri kinaota ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu. Nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei manjano, tangawizi wala pilipili yenye jumla ya sumukuvu zaidi ya mikrogramu 10 kwa kilo. Huuzi Ulaya, mimi pia siuzi. Lakini wanunuzi wakubwa wa Dar wanaosafirisha nje wameanza kuuliza "umeanika juu ya nini?", na picha ya chanja ndiyo jibu.

Kuhusu kusaga nina kisa. Mara ya kwanza nilipeleka manjano na pilipili kwenye mashine ya kijijini inayosaga mahindi. Unga wangu ukatoka na chembe za dona, na mama aliyesaga baada yangu akapika ugali uliomtoa machozi mumewe. Nilikwenda kuomba radhi na kuku mkononi. Sasa nina makubaliano na mwenye mashine: mimi ni wa mwisho Jumamosi jioni. Tunapangusa mashine, natanguliza kilo moja ya manjano ya kusafisha njia, hiyo naitumia nyumbani, ndipo nasaga ya kuuza. Kisha tunapitisha pumba mpaka zitoke bila rangi. Hata hivyo mzigo mwingi nauza mzimamzima. Kidole kizima hakidanganyi, unga unadanganya.

Hesabu ya kilo tano kuzaa moja

Hapa ndipo wengi tunaangukia, na mimi nilianguka kwa kishindo. Kilo tano za manjano mabichi zinakupa karibu kilo moja makavu. Tangawizi karibu hivyo hivyo. Msimu wangu wa kwanza niliangalia bei ya kilo mbichi pale shambani, nikaongeza kidogo, nikatangaza kifuko cha robo kilo kwa shilingi 2,000. Zikaisha upesi. Nikashangilia.

Halafu mwanangu aliye kidato cha tatu akachukua kaunta buku akaandika hivi. Manjano mabichi kilo 100, kwa bei ya dalali ya shilingi 1,000, ni 100,000. Kuni 6,000. Vibarua wa kuosha na kuanika 20,000. Kusaga 6,000. Zimebaki kilo 20, moja imepotelea mashineni, zimebaki 19, yaani vifuko 76. Vifuko hivyo 19,000, lebo 7,600. Meli na mbeba mizigo 9,000. Bando 5,000. Jumla 172,600. Gawanya kwa 76.

"Mama, kila kifuko kimekugharimu 2,271. Umekiuza 2,000."

Sikulala vizuri. Hizo ni bei za msimu ule na za kijiji changu, zako zitakuwa nyingine, ila mpangilio wa hesabu ni huo. Andika kila kitu, pamoja na jasho lako mwenyewe, ambalo hapo juu hata halimo. Sasa rejareja nauza kifuko 4,000, na mwenye duka anayechukua vifuko 20 kwenda juu nampa kwa 3,200.

Mzani nao una maneno. Huku tumezoea sado, debe na fungu, lakini mteja wa mtandaoni ananunua kwa kilo na gramu, na jikoni kwake ana mzani. Vile vimizani vya plastiki vya kupimia unga wa keki si vya biashara. Nunua unaokubalika na Wakala wa Vipimo, ukaguliwe na kupigwa muhuri. Nikipima robo kilo naongeza gramu tano. Sijawahi kuona biashara iliyofilisika kwa gramu tano, ila nimeona zilizokufa kwa gramu kumi zilizopungua.

Bidhaa moja, majina matano

Jambo hili hakuna aliyenifundisha, nililigundua kwa kushangaa kwa nini mtu wa Unguja haoni tangazo langu. Mtu akitafuta kitu kwenye simu anaandika neno la nyumbani kwao. Mimi nilikuwa naandika "manjano" tu. Kuna anayetafuta "binzari", kuna wa "bizari", kuna "binzari manjano". Na ukiandika "binzari" peke yake, mwingine anadhani unauza mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Pilipili manga ya bara kwa Mzanzibari ni pilipili mtama. Giligilani, Mkenya anaiita dania. Binzari nyembamba ni uzile kwa wengine na jira kwa wengine. Iliki, wapo wanaoandika hiliki.

Kwa hiyo chini ya kila picha naandika majina yote, kwa sentensi ya kawaida: "Manjano makavu (binzari ya manjano) kutoka Ukerewe, Mwanza. Vidole vizima au unga. Yamevunwa Julai, yamekaushwa chanjani." Jina la mahali lisikosekane. Watu wa Mwanza mjini wanapenda kununua kitu cha Ukerewe kwa sababu kila mmoja ana shangazi huku.

Na bei iandike. Iandike wazi, hapo hapo. Ile tabia ya "bei njoo DM" inawaudhi wateja kuliko bei yenyewe. Mtu akiona bei imefichwa anahisi utampima kwanza kwa mavazi ya picha yake ya wasifu ndipo umtajie. Mimi mwenyewe nikiona "bei inbox" napita.

Picha

Futa kioo cha kamera. Simu yangu inakaa mfukoni mwa gauni pamoja na vitambaa na chenji, ina mafuta muda wote. Nafuta kwa pindo la kanga kabla ya kila picha, na hilo peke yake liliboresha picha zangu kuliko simu mpya.

Piga saa moja mpaka saa tatu asubuhi, au saa kumi jioni. Jua la saa saba linafanya manjano yote yaonekane meupe. Weka bidhaa kwenye ungo, kivulini lakini karibu na mwanga, na pembeni weka sarafu ya shilingi 200 ili mteja ajue ukubwa. Piga picha nne tu: shamba, chanja, kidole kilichovunjwa, na kifuko kikiwa juu ya mzani namba zikisomeka. Usiongeze rangi kwa programu za kurembesha picha. Manjano yaliyokolezwa kupita kiasi yanatia shaka, na shaka hiyo ina sababu: mwaka 2019 watafiti walichapisha habari za manjano ya Bangladesh yaliyokuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Mteja msomi anazijua habari hizo. Rangi yako halisi inatosha.

Video iliyoniletea wateja wengi ni ya kitoto. Niliweka unga wa manjano kwenye sahani nyeupe, nikadondoshea maji ya sabuni ya mche. Manjano yakigusana na sabuni au magadi yanageuka mekundu, kama damu ya mzee. Watoto wangu walipiga kelele, na kelele zile ndizo zilizoisambaza video. Nilieleza papo hapo kwamba hiyo ni tabia ya manjano tu. Haithibitishi kwamba hakuna kilichochanganywa, maana hata yaliyochanganywa na unga wa mahindi yatageuka mekundu. Aliyeniamini aliniamini kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho. Kuna watu wanafanya jaribio la madini joto na kudai likigeuka bluu manjano ni feki. Msiwasikilize, manjano yana wanga wake wa asili.

Tena, usiandike kwamba manjano yanatibu. Kila wiki naulizwa kama yanaponya vidonda vya tumbo, kisukari, na mambo ya chumbani. Najibu: "Mimi nauza kiungo cha chakula, kwa ugonjwa muone daktari." Ukianza kutangaza dawa umeingia kwenye sheria nyingine kabisa, na siku mtu akiacha vidonge vyake kwa ajili ya maneno yako utajibu nini?

WhatsApp ndiyo duka

Nina ukurasa Instagram na Facebook, na TikTok mwanangu anaendesha. Huko ni kama kusimama barabarani kupiga kengele. Kuuza kwenyewe kunafanyika WhatsApp. Pakua ile ya biashara, ni bure, na uiweke kwenye laini tofauti na ya familia. La sivyo oda ya kilo kumi itazama katikati ya michango ya harusi.

Humo kuna katalogi, weka kila bidhaa na bei yake. Kuna majibu ya haraka: mimi nikiandika neno moja fupi linatoka maelezo yote ya bei na siku za meli. Kuna lebo za rangi: mpya, amelipa, ametumiwa, anadai. Kuna orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, mpaka watu 256, ila ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila anayenunua namwambia, "Nihifadhi kama Mama Manjano Ukerewe." Jina hilo halikuwa mpango wa biashara, walilianzisha wao.

Siwatumii watu ujumbe kila siku, status nayo haizidi picha tatu. Naziweka saa mbili usiku, watu wamekula na wameshika simu. Asubuhi Mwanza nzima iko kwenye daladala imeshikilia bomba, nani ataagiza tangawizi?

Mazungumzo nayo yana adabu zake. Hivi ndivyo yalivyokuwa na mama mmoja mwenye mgahawa Igoma, mara yake ya kwanza, tukianza na salamu ya Kisukuma:

"Mwangaluka mayu."
"Mwangaluka mayu, karibu. Habari za Igoma?"
"Nzuri. Hiyo tangawizi ya chai unatoa sh ngapi kilo?"
"Kavu ya vipande 14,000 kilo, nusu 7,500. Mgahawani unachemsha chai lita ngapi kwa siku?"
"Kama 30."
"Basi chukua nusu kwanza uijaribu, usichukue kilo. Ni kali kuliko mbichi, anza na kidogo."

Alichukua nusu. Wiki iliyofuata akachukua kilo tatu. Ningemsukumia kilo mbili siku ya kwanza, chai yake ingewaunguza wateja na lawama zingenirudia. Muulize mtu anapikia nini kabla hujamtajia kiasi. Na salamu usiiruke hata kama mteja ameanza na "bei?" pekee. Kijana akiniandikia "shikamoo" namwitikia marahaba kwanza, oda haikimbii.

Hela

Ndani ya Mwanza mteja ananilipa pale bodaboda anapofika na mzigo. Nje ya Mwanza analipa kwanza. Ili asiogope, nampima mzigo wake kwenye video: mzani, vifuko, na karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo niliyoandika kwa mkono. Baada ya hapo anatuma. Tumia lipa namba yenye jina la biashara badala ya laini yako binafsi. Mteja anaona jina kabla ya kuthibitisha, na wewe unapata kumbukumbu ya mauzo.

Sasa matapeli. Wa kwanza hutuma ujumbe unaofanana neno kwa neno na ule wa mtandao wa simu, "Umepokea Tsh 180,000", halafu anapiga kwa haraka: bodaboda yuko njiani, mpe mzigo. Mimi nilipoteza kilo sita za pilipili hivyo, siku ya mnada, nikiwa na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo siangalii ujumbe, naangalia salio. Wa pili hujiita mnunuzi wa nje anayetaka tani tano, mwenye barua yenye nembo, ila ulipie kwanza "usajili" au "ukaguzi". Mnunuzi wa kweli anaomba sampuli, analipia sampuli, na anauliza maswali ya kuchosha kuhusu unyevu. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, bure, na kwa *106# angalia kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kutoka kisiwani

Hili ndilo linalowatisha wengi wa visiwani, wakati ni la ratiba tu. Nimejipangia siku mbili kwa wiki za kuvuka na meli kwenda Mwanza, safari ya kama saa tatu majini, na katalogi yangu inasema wazi: oda iliyolipwa kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia ndiyo itakayovuka. Meli ikikwama, kuna njia ya kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya halafu barabara ya Bunda, ndefu lakini ipo. Mjini, oda za hapo hapo nawapa boda wawili ninaowafahamu. Za mikoani zinapanda basi.

Basi lina masharti yake. Funga kwenye boksi gumu, ndani yake kifuko cha pili, kwa sababu mzigo wako utalaliwa na gunia la sangara wakavu na manjano yanavuta harufu kama pamba. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili. Pata risiti ya mzigo, ipige picha, mtumie mteja pamoja na namba ya ofisi ya mizigo anakokwenda kuchukua. Kuna kampuni moja ilinipotezea boksi la kilo nane, nikaambiwa "litakuja na gari la kesho" kwa siku kumi na moja. Nilimtumia mteja mzigo mwingine kwa gharama yangu siku ya tatu. Iliniuma. Lakini huyo mteja ana duka Mbezi, na kwa sasa ndiye anayechukua mzigo mkubwa kuliko wote.

Vifungashio: nilianza na vifuko vinavyoonyesha ndani, nikavipanga dirishani kwa duka la shemeji yangu, jua la asubuhi linavipiga. Baada ya wiki sita manjano yalikuwa yamepauka kama kitenge kilichofuliwa kwa jiki. Mwanga unaua rangi yake. Tumia vifuko vya karatasi vyenye utando wa ndani au vile visivyopitisha mwanga, na dirisha dogo kama lazima. Kwenye lebo weka jina la bidhaa, uzito halisi, tarehe ya kufungasha na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, mahali ulipo na simu. Namba ya toleo yangu ni tarehe ya kuvuna tu, ila siku mteja akilalamika najua ni chanja gani.

Makaratasi, kwa kifupi

TIN, namba ya mlipakodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato), inatolewa bure. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Leseni ni halmashauri. Chakula siku hizi kiko chini ya TBS (Shirika la Viwango), tangu mwaka 2019 kilipoondolewa kwenye iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), hivyo sehemu unayofungashia isajiliwe huko kabla ya kuomba alama ya ubora. Pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho inayompa mjasiriamali mdogo nafuu. Msimbo wa mistari (barcode), ule wa Tanzania unaoanza na 620, subiri mpaka supamaketi ikuombe. Anayeuza vidole vizima kwa jirani asikae nyumbani akisubiri makaratasi yote, aanze. Ila unga uliofungwa na wenye lebo unaouza madukani, usicheze.

Wa Kisumu wananipigia pia, kupitia magrupu ya wafanyabiashara wa mpakani, maana Sirari si mbali. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani, unachojaziwa pale pale mpakani. Cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na hicho usikiruke. Nimeuza huko mara mbili tu, tangawizi, na mara zote mbili mnunuzi alikuja mwenyewe mpaka Mwanza kuchukua. Sina haraka na mpaka.

Tulivyokuwa kumi na mmoja

Oda ikizidi shamba lako, unganeni. Sisi tuko wakulima kumi na mmoja tunaouza kwa ukurasa mmoja, kila mmoja na alama yake kwenye gunia. Mwaka wa kwanza mmoja wetu alichanganya manjano yasiyokauka katikati ya gunia, juu na chini makavu. Mnunuzi alilikataa gunia zima na matatu mengine. Hatukumfukuza mwenzetu, ni jirani na ni wa kunizika. Tuliweka sheria: kila gunia linamwagwa kwenye turubai mbele ya watu wawili ambao si ndugu wa mwenye mzigo, vidole vitano vinavunjwa, na video inawekwa kwenye grupu letu. Kisilie ko, gunia linarudi nyumbani.

Mzigo ukiisha, sema umeisha. Usimnunulie mteja manjano ya sokoni ukayaita ya kwako. Mimi nikiishiwa nabadilisha katalogi, naandika "mapya Agosti", na anayetaka namwandika kwenye ukurasa wa nyuma wa kaunta buku: jina, mji, kilo. Sasa hivi kuna majina 23, wa mwisho ni mwalimu wa Geita anayetaka kilo mbili za vidole vizima. Manjano yenyewe bado yako ardhini, majani mabichi kabisa, na leo asubuhi nimempigia picha akayaona.